Jua la Alasiri na Ukubwa wa Kiyoyozi: Namna ya Kukadiria Joto Linaloingia Nyumbani

Muuzaji wa viyoyozi Dar es Salaam akishaambiwa kwamba chumba kina mita nne kwa tano, mara nyingi hahitaji kuuliza zaidi. Huzidisha mita 20 za mraba kwa 600, akapata 12,000, na mashine ya BTU 12,000 ikapakiwa kwenye gari. Kanuni hiyo ni nyepesi kukumbuka, na zipo nyumba ambazo haikosei sana. Kasoro yake ni kwamba haikuuliza dirisha linatazama upande gani, juu ya dari kuna bati au zege, wala chumba hutumika saa ngapi. Maswali hayo matatu yote yanahusu jua, na katika nyumba nyingi za pwani yetu jua ndilo linaloamua kama mashine itatosha, itazidi, au itahangaika alasiri nzima bila kukipoza chumba.

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Hutoa joto ndani na kulitupa nje, na ukubwa wake ni kasi ya kulitoa. Namba ya BTU iliyoandikwa kwenye boksi ni kiasi cha joto ambacho mashine inaweza kukitoa kwa saa moja. Wati moja ni sawa na BTU 3.41 kwa saa, kwa hiyo mashine ya BTU 12,000 hutoa joto la takriban wati 3,500. Mafundi wengine huuita ukubwa huo tani moja, na tani hiyo haihusiani na uzito wa mashine: ni kasi ya kupoza inayolingana na kuyeyusha tani moja ya barafu, ile tani ya Kimarekani ya ratili 2,000, ndani ya saa 24, kipimo kilichobaki tangu zama ambazo barafu iliuzwa kwa ajili ya kupozea. Wati hizo 3,500 zisichanganywe na wati za umeme, kwani mashine ya ukubwa huo kwa kawaida hula umeme wa wati 1,000 na ushei. Zile 3,500 zote ni joto linalohamishwa tu kutoka ndani kwenda nje.

Kukadiria ukubwa, basi, ni kutafuta joto linaingia au linazaliwa chumbani kwa kasi gani katika saa iliyo ngumu kuliko zote, kisha kutafuta mashine inayoweza kulitoa kwa kasi hiyo hiyo. Joto hilo hutoka kwa watu waliomo, kwenye taa na vyombo vya umeme, kwenye hewa ya nje inayopenya pamoja na mvuke wake, na kwenye jua, ambalo huingia kwa kupitia vioo, paa na kuta. Vyanzo vile vya mwanzo havitofautiani sana kati ya chumba na chumba. Jua, kwa upande wake, linaweza kuingiza joto mara tatu au nne zaidi katika chumba kimoja kuliko katika chumba jirani chenye ukubwa ule ule na dirisha lile lile, ndani ya nyumba moja.

Sababu ni pembe. Nje ya angahewa, mita moja ya mraba inayolielekea jua hupokea wati 1,361. Hewa, mvuke na vumbi hupunguza nguvu hiyo, na adhuhuri ya anga safi eneo lililolala bapa hapa ardhini hupokea karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Dirisha, hata hivyo, halikulala bapa. Limesimama, na kiasi linachopokea hutegemea mwale unaligonga usoni au unaliparuza kutoka juu.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua la adhuhuri hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi linapita upande wa kusini, na miezi iliyobaki linapita upande wa kaskazini. Hata linapofika mbali kabisa na utosi bado liko juu: tarehe 21 Desemba adhuhuri huwa nyuzi 73 juu ya upeo wa macho, na tarehe 21 Juni huwa nyuzi 60. Ukuta unaotazama kusini wakati wa adhuhuri ya Desemba hupata chini ya theluthi moja ya nguvu ya mwale wa moja kwa moja, kwa kuwa mwale wenyewe unashuka karibu wima mbele yake.

Mashariki na magharibi mambo ni tofauti kabisa. Saa kumi alasiri ya mwezi wa Februari jua la Dar es Salaam limeshashuka hadi kama nyuzi 40, nalo liko karibu magharibi kamili, hivyo linatazamana na dirisha la upande huo uso kwa uso. Ukijumlisha mwale wa moja kwa moja, mwanga uliotawanywa na anga, na ule unaorudishwa na uwanja wa saruji, kioo kilichosimama magharibi hupokea wati 600 hadi 700 kwa mita ya mraba siku ya anga safi. Dirisha la kaskazini katika dakika hiyo hiyo halilioni jua kabisa. Hupata mwanga wa anga na wa ardhi tu, tuseme wati 100 hadi 150. Kijiometri mashariki ni ndugu pacha wa magharibi, ila jua la mashariki hufika wakati hewa ya nje bado haijachemka na paa halijapata moto, ilhali jua la magharibi hukikuta chumba kimeshachoka.

Jambo ambalo wajenzi hulisahau ni kwamba pembe hiyo hiyo huamua pia kama ukingo wa zege au paa lililochomoza juu ya dirisha lina kazi yoyote. Chukua ukingo wa sentimita 60. Upande wa kusini, adhuhuri ya Desemba, kivuli chake hushuka mita mbili ukutani, yaani hulifunika dirisha zima na bado kinabaki. Upande wa magharibi, saa kumi ya Februari, ukingo huo huo hukinga sentimita 50 tu za juu ya kioo, na ikifika saa kumi na moja, jua likiwa nyuzi 25, kivuli kinabaki chini ya sentimita 30. Dirisha lenye urefu wa mita moja na nusu linakuwa wazi kwa zaidi ya robo tatu. Ndiyo maana baraza pana la nyumba za zamani, lenye mita mbili au zaidi, lilifanya kazi ambayo ukingo mwembamba wa kisasa hauwezi kuifanya kwa upande huo, hata uchongwe vizuri namna gani.

Kwa pwani ya Tanzania kuna bahati moja ndogo ambayo haitumiwi ipasavyo. Miezi ya joto kali ni ile ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na katika sehemu kubwa ya miezi hiyo jua liko kusini kutwa nzima. Dirisha la kaskazini kwa hiyo hukaa kivulini wakati ule hasa unaohitaji kivuli, na hupata jua Juni na Julai, wakati kusi inavuma na hakuna anayelalamika. Anayejenga akawa na uhuru wa kuchagua, vioo vikubwa aviweke kaskazini. Hapa pia inafaa kuwa mwangalifu na vikokotoo vya mtandaoni vilivyotungwa Ulaya au Marekani, ambavyo huongeza ukubwa wa mashine pale mtu anapojibu kwamba dirisha lake linatazama kusini. London na New York jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima, kwa hiyo swali hilo lina maana kwao. Kwetu jibu lile lile linaongeza joto ambalo ukingo wa sentimita 60 ungelizuia, huku likilidharau dirisha la magharibi.

Mwanga uliofika kwenye kioo hauingii wote. Kioo cheupe cha kawaida, chenye unene wa milimita tatu hadi sita, hupitisha asilimia 80 hadi 87 ya joto la jua linalokigonga. Kioo cha rangi, kile cha kahawia au kijivu kinachopendwa kwenye madirisha ya aluminiamu, hupitisha asilimia 60 hivi, na wengi hushangaa kusikia kwamba si kidogo zaidi. Kioo hicho huumeza mwanga badala ya kuurudisha nje. Kikaushika joto, kikawa cha moto, na sehemu ya joto hilo ikarudi chumbani. Ukitaka kulihakikisha hilo weka kiganja karibu na kioo cha rangi cha magharibi saa kumi na nusu. Kioo kinachoakisi kama kioo cha kujitazamia hufanya vizuri zaidi, kikipitisha theluthi moja au juu yake kidogo, kwa bei inayolingana na sifa hiyo.

Pazia huja baada ya mlango kufunguliwa. Mwanga ukishavuka kioo umeshaingia, na pazia linaweza tu kurudisha nje sehemu yake. Pazia zito jeupe lililofungwa vizuri hupunguza joto la dirisha kwa theluthi moja au zaidi kidogo. Pazia jeusi hupunguza kidogo sana, kwa kuwa lenyewe hugeuka kuwa kipasha joto kilichoning'inia ndani ya chumba. Kivuli kilichowekwa nje ya kioo, kwa mfano mkeka wa mianzi, turubai, shata za mbao, au mwarobaini uliopandwa mahali panapofaa, hulizuia joto kabla halijafika, na kikiwa kimefunika dirisha lote huondoa robo tatu yake au zaidi. Tofauti ya bei kati ya mkeka wa nje na kiyoyozi kikubwa zaidi haihitaji kikokotoo.

Paa nalo lina hesabu yake. Nyumba nyingi za chini zimeezekwa kwa bati, na chini yake kuna dari ya jipsamu bila kitu kingine kati ya viwili hivyo. Bati lenye rangi ya kukoza humeza takriban asilimia 70 ya jua, na adhuhuri linaweza kufikia nyuzijoto 60. Joto hilo hushuka kama mionzi juu ya dari, na uwazi wa darini hufika nyuzijoto 45 au 50 kwa urahisi. Jipsamu ya milimita 12 haina uwezo mkubwa wa kulizuia. Kila mita ya mraba ya dari ya namna hiyo hupitisha wati mbili na nusu hivi kwa kila nyuzijoto moja ya tofauti. Ukitandaza sufi ya kioo yenye unene wa milimita 50 juu ya dari, kiwango hicho hushuka hadi karibu wati 0.6. Karatasi ya fedha iliyopigiliwa chini ya bati, upande unaong'aa ukitazama uwazi, nayo husaidia sana, kwa sababu joto kubwa la bati husafiri kwa mionzi na si kwa hewa.

Aliyeko ghorofa ya kati, Upanga ya Dar es Salaam au Nyali ya Mombasa, hana habari na joto la paa: juu yake kuna jirani. Aliye ghorofa ya mwisho chini ya zege tupu ana tatizo la aina nyingine. Bati hupata moto haraka na kupoa haraka, likawa baridi saa moja baada ya jua kuzama, lakini zege la sentimita 15 hulishika joto na kuliachia baada ya kuchelewa kwa muda wa saa nne au tano. Dari ya zege kwa hiyo huanza kuwaka wakati watu wanakaa mezani kula chakula cha jioni. Ukuta wa matofali ya saruji ya inchi sita una tabia inayofanana na hiyo; jua la saa kumi juu ya ukuta wa magharibi hulifikia godoro lililosogezwa kwenye ukuta huo saa mbili au tatu usiku. Kuta nene za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mombasa ya kale, zenye nusu mita au zaidi, huchelewesha joto kiasi kwamba linapofika ndani limeshakuwa dogo na usiku umekwisha, na vichochoro vyembamba vilihakikisha kwamba jua lenyewe haliugusi ukuta kwa muda mrefu. Ukuta wa inchi sita uliosimama peke yake kwenye kiwanja wazi hauna hata moja ya faida hizo.

Sasa tuziweke namba hizi pamoja katika chumba cha mfano. Ni sebule ya mita nne kwa tano, kimo mita 2.7, nyumba ya chini yenye bati la rangi ya kukoza na dari ya jipsamu tupu. Upande wa mita nne unatazama magharibi na una dirisha la mita 1.8 kwa 1.5, yaani mita 2.7 za mraba, kioo cheupe, bila kivuli cha nje. Ni Februari, saa kumi alasiri, nje nyuzijoto 32, na tunataka ndani iwe 25.

Jua kupitia kioo: mita 2.7 za mraba mara wati 650 mara 0.8, sawa na wati 1,400. Kioo pia hupitisha joto la hewa ya nje hata pasipo jua, na kwa tofauti ya nyuzijoto saba huongeza wati 110. Dari, ikiwa uwazi wa juu una nyuzijoto 45 katika saa hiyo, hupitisha mita 20 za mraba mara 2.5 mara 20, yaani wati 1,000. Kuta mbili za nje tuzikadirie wati 400 kwa pamoja. Watu wawili waliokaa hutoa wati 120 kila mmoja, jumla 240. Televisheni na taa tuzipe 150. Hewa ya nje inayopenya, tukichukulia kwamba hewa yote ya chumba hubadilika mara moja kwa saa, huleta wati 500 hivi, ambazo zaidi ya robo tatu zake ni joto fiche lililomo kwenye mvuke na wala halionekani kwenye kipimajoto. Madirisha ya luva yasiyofungika sawasawa huweza kuikuza namba hii mara mbili au tatu.

Jumla inafika wati 3,800, sawa na BTU 13,000 kasoro kidogo. Mashine ya 12,000 iliyotokana na kanuni ya 600 itakuwa imepungua kidogo, na alasiri chache za Februari chumba kitagota nyuzijoto 26 au 27.

Geuza dirisha lile lile litazame kaskazini. Jua kupitia kioo linashuka kutoka wati 1,400 hadi 320, na jumla inakuwa wati 2,720, yaani BTU 9,300. Mita za mraba hazikubadilika, na kanuni ya 600 bado inadai 12,000. Rudisha dirisha magharibi, lakini tandaza sufi ya milimita 50 juu ya dari, na wati 1,000 za paa zinakuwa 240; jumla inashuka hadi BTU 10,400. Ongeza mkeka wa mianzi nje ya dirisha hilo, na unabaki na BTU 6,800. Sebule iliyohitaji zaidi ya mashine ya 12,000 sasa inatosheka na ya 9,000 na akiba ikabaki. Katika chumba hiki vitu viwili tu, kioo cha magharibi na dari tupu, vilibeba karibu theluthi mbili za mzigo wote, na hakuna hata kimoja kati yao kinachosomeka kwenye futi kamba.

Kosa moja huwapata wale wanaojitahidi kuhesabu: kujumlisha vilele vya saa tofauti. Dirisha la mashariki hufika kileleni kama saa tatu asubuhi, bati saa saba au saa nane mchana, dirisha la magharibi saa kumi, na ukuta wa magharibi usiku. Chumba chenye madirisha mashariki na magharibi hakipokei majua mawili kwa wakati mmoja. Hesabu sahihi hupigwa kwa saa moja moja, na saa yenye jumla kubwa kuliko zote ndiyo inayochukuliwa. Wahandisi wa Marekani wana taratibu zao rasmi za kazi hii, mashuhuri kwa nyumba za kuishi ikiwa ile iitwayo Manual J, lakini kwa chumba kimoja karatasi yenye safu tatu, za saa tatu asubuhi, saa nane mchana na saa kumi alasiri, inatosha kabisa.

Kwa chumba cha kulala inahitajika safu ya nne. Tukikichukua chumba chetu kile kile cha magharibi, chenye bati na dari tupu, tukakihesabu saa tatu usiku, jua kupitia kioo ni sifuri na bati limeshapoa. Kinachobaki ni joto la kuta lililochelewa, watu wawili, taa, na hewa ya nje, na jumla haizidi sana wati 1,300, yaani BTU 4,400. Ni theluthi moja tu ya mzigo wa alasiri. Kama hakuna anayekaa humo mchana, hakuna sababu ya kununua mashine kwa ajili ya jua ambalo halimkuti mtu. Mashine ya 9,000 itatosha, mradi iwashwe nusu saa au zaidi kabla ya kulala ili godoro, kabati na kuta ziachie joto zililolikusanya.

Mzigo wa usiku hubadilika pia sura. Sehemu yake kubwa sasa ni mvuke. Hewa ya pwani ya kaskazi ni nzito kwa maji, na chumba kinachobadilisha hewa mara moja kwa saa, kikiwa na watu wawili wanaopumua, huhitaji kutolewa zaidi ya nusu lita ya maji kila saa ili kibaki kikavu kiasi cha kufaa kulala. Maji hayo hujikusanya kama umande kwenye mapezi baridi ndani ya mashine na kutoka kwa mpira unaodondosha nje, lakini ili yadondoke mashine inabidi ifanye kazi kwa muda mrefu bila kukatika. Mashine ya 18,000 iliyofungwa kwa kuogopa jua la alasiri hulishusha joto la hewa kwa dakika chache, ikajizima, na wakati kompresa imetulia huku feni ikiendelea kupuliza, maji yaliyokuwa bado kwenye mapezi huvukizwa na kurudishwa chumbani. Matokeo ni baridi yenye unyevu, shuka zinazonata, na ukungu nyuma ya kabati. Kiyoyozi cha kwanza cha kisasa, alichokisanifu Willis Carrier mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji Brooklyn, kilikusudiwa kudhibiti unyevu kwa sababu karatasi zilikuwa zikitanuka na kunywea. Starehe ya watu ilikuja baadaye. Mashine za inveta hupunguza tatizo kwa kuwa zinaweza kushusha kasi hadi theluthi au hata robo ya uwezo wao, lakini robo ya mashine iliyo kubwa kupita kiasi bado inaweza kuuzidi mzigo wa usiku.

Kuna jedwali la mpango wa ENERGY STAR wa Marekani ambalo limenakiliwa sana mtandaoni, linalopendekeza BTU 6,000 kwa chumba cha futi za mraba 150 hadi 250, likishauri kuongeza asilimia 10 kama chumba kina jua jingi na kupunguza asilimia 10 kama kiko kivulini. Sebule yetu ya mfano ina futi za mraba 215. Kwa jedwali hilo, pamoja na nyongeza ya jua, ingepewa BTU 6,600, nusu tu ya mahitaji yake. Jedwali halina kosa kwa nyumba zilizokusudiwa, zenye sufi nene darini na vioo viwili viwili dirishani, ambako jua kweli linaweza kuwa marekebisho ya asilimia 10. Katika chumba chetu kugeuza dirisha peke yake kulipunguza mzigo kwa asilimia 28. Jambo la kutazama ni kwamba chumba kile kile, baada ya kuwekewa sufi na mkeka, kiliangukia BTU 6,800, karibu kabisa na namba ya Wamarekani.

Ndugu walioko Muscat watafanya hesabu hii kwa marekebisho mawili. Mji huo uko nyuzi 23.6 kaskazini, kwa hiyo jua la adhuhuri ya Juni liko karibu utosini na la majira ya baridi liko kusini. Magharibi inabaki kuwa adui yule yule. Lakini hewa ya kiangazi inayopita nyuzijoto 40 huufanya mzigo wa kioo na kuta uwe mkubwa hata kivulini, na huipunguzia mashine yenyewe nguvu. Nairobi, kwa urefu wake wa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje mara nyingi ni baridi kuliko ile inayotakiwa ndani, na anayesikia joto katika nyumba ya vioo vya magharibi huko ana tatizo la jua tupu, ambalo mkeka wa nje na dirisha lililofunguliwa humaliza bila mashine.

Hilo la mashine kupunguziwa nguvu linahusu pwani pia. Namba ya BTU kwenye boksi hupimwa maabara katika hali iliyokubaliwa kimataifa: hewa ya nje nyuzijoto 35 na ya ndani 27. Mashine zilizokusudiwa kwa nchi za joto kali, kama zile za Ghuba, hupimwa pia kwa hewa ya nje ya nyuzijoto 46, hali iitwayo T3, na namba yake huwa ndogo kuliko ile ya kawaida. Sasa fundi akiifunga sehemu ya nje kwenye ukuta wa magharibi, ndani ya kizimba cha nondo chenye paa la bati, hewa inayoizunguka saa kumi alasiri inaweza kukaribia hali hiyo ya T3 hata hapa Dar es Salaam, kwa sababu mashine inavuta tena hewa ile ile ya moto iliyoitoa. Mashine ya 12,000 haitoi 12,000 mahali hapo, na inapungua katika saa ile ile ambayo dirisha linaingiza wati 1,400. Ukuta wa kaskazini au wa kusini, wenye nafasi ya kutosha mbele kwa hewa kutoka bila kurudi, huirejeshea uwezo wake kwa gharama ya mita chache za bomba la shaba, na fundi atalipisha bomba hilo mara moja tu.